Ndege Iliyoangukia Viazi vya Mzee Gikonyo

Wakonyo alipopata nafasi ya kusomea uhandisi wa ndege, majirani kule Mukurweini walidhani atakuwa akigawa soda angani. Mamake aliwasahihisha sokoni, akawasahihisha na kanisani: "Ndege ataziunda!"

Na kweli akaziunda. Alipofika miaka thelathini na kitu alikuwa mhandisi mkuu wa karakana moja ndogo mjini Nanyuki, iliyotengeneza ndege zisizo na rubani za kuchunguza moto msituni.

Ndege ya kwanza ilirushwa juu ya milima ya Aberdare asubuhi yenye baridi kali. Ikiwa njiani kurudi, mota ilinyamaza ghafla, ndege ikaanguka Mweiga, katikati ya shamba la viazi.

Wakonyo alimkuta mwenye shamba, Mzee Gikonyo, akiizunguka na jembe begani.

"Hii kitu ni yako?"

"Ni yangu, mzee. Nimeiunda mwenyewe."

"Ati umeiunda? Na mbona imeanguka?"

"Bado sijajua. Nikijua, nitakuja kukuambia."

Mkubwa wa Wakonyo kazini, Kingori, alitaka jaribio la pili lifanyiwe nyikani, mbali na macho ya watu.

"Hapana," Wakonyo akasema. "Itarushwa Mweiga. Watu wa huko ndio watakaoishi chini yake."

Alishuku betri. Akaenda buchari ya Kullow, muuza nyama wa hapo mjini, akaomba nafasi kwenye friza, akailaza betri kati ya mapaja ya mbuzi. Alipoitoa na kuipima, nguvu zake zilikuwa zimeshuka vibaya. Baridi! Akachora tumbo la ndege upya, akaisogeza betri karibu na mota ili joto la mota liikinge.

Alirudi Mweiga kama alivyoahidi, akamweleza Mzee Gikonyo kila kitu huku majirani wakisikiliza. Kisha akairusha. Kingori alitembea huku na huko, hakuweza kutulia. Wakonyo alikaa juu ya gunia akala ndizi, kwa sababu hesabu alikuwa amezifanya, akazirudia.

Ndege ilitokeza juu ya miti, ikageuka taratibu, ikatua kwenye nyasi.

"Sasa hiyo ni ndege," Mzee Gikonyo akasema, akampa mkono.

Kiangazi kilipofika, ndege hiyo iliona moshi bondeni, na askari wa misitu wakauzima moto ukiwa bado mdogo. Wakonyo aliipokea habari hiyo kwa simu, akiwa karakanani. Akacheka peke yake, akavuta karatasi safi, akaanza kuchora bawa refu zaidi.