Mrija Chini ya Landrova

Nichekeni tu, wasomaji. Nilikuwa nimemwapia baba wa mchumba wangu, pale Chakol, kwamba sinywi pombe. Lakini yeye kila jioni alijificha nyuma ya nyumba na Landrova yake kuukuu. "Usije huku, kijana, utachafuka," alisema.

Mbona ananifukuza? Nikachungulia. Amelala chini ya gari, mrija mrefu mdomoni, kama wazee wanavyokunywa pombe ya ajono chunguni. Mrija ulitoka kwenye tangi la pili alilolifungia chini ya gari. Basi tangi hilo lina pombe!

Alipoingia ndani, nikaushika mrija kwa vidole viwili, nikafumba macho, nikavuta. Petroli ikanijaa mdomoni.

Nakohoa, kumbe mzee amesimama mlangoni na binti yake.

"Mimi nilikuwa nahamisha mafuta," akasema. "Wewe, kuvuta mrija vizuri hivyo ulifundishwa wapi?"