Nyumba Tupu ya Bi Mboni

Bi Mboni binti Shekhe hakurithi nyumba, aliijenga. Aliuza shamba lake la minazi kule Mwera, fedha zote akazitia kwenye miti, udongo na mafundi, na marehemu mumewe kazi yake ilikuwa kusimama na fimbo kuwachunga mafundi wasilale. Nyumba ikasimama Ngamiani, mjini Tanga, imeezekwa kwa makuti, vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati. Chumba cha mbele alikaa mwenyewe, vingine akapangisha. Hata alipofiwa na mume, bila mtoto, hakuhitaji kumpigia mtu hodi kuomba unga. Mwanamke mwenye nyumba Ngamiani si mtu wa kupitwa bila shikamoo.

Mwaka wa hamsini na moja mji ulishikwa na wazimu. Watu walikuwa wakipigana huko Korea, na huku Tanga mkonge ukawa kama dhahabu. Kila mwenye lori akawa bwana mkubwa, na kila bwana mkubwa akatafuta nyumba. Uweso, kijana wa mtaani aliyekuwa akiuza kahawa, akaacha birika akawa dalali. Haikupita wiki bila yeye kuketi barazani kwa Bi Mboni.

"Uza, bibi. Bei hii huioni tena."

Bi Mboni akakataa. Wiki iliyofuata Uweso akaja na bei kubwa zaidi, na maneno yale yale: huioni tena. Bi Mboni akaona kumbe kungoja kuna faida. Angaliuza Rajabu angalijuta Shaabani. Lakini hakuwa na raha. Akishika kodi mkononi, anaiona ndogo, lakini inakuja kila mwezi. Akifikiri bei, anaiona kubwa, lakini inakuja mara moja tu. Kwa bei hiyo angeweza kununua tena minazi ya Mwera, na inayobaki ikampeleka Maka kuhiji. Akawa anakokotoa hata katikati ya sala, anasahau ni rakaa ya ngapi.

Ndipo akaja Idarusi, mwenye malori ya kubeba mkonge kutoka mashambani. Bei aliyotaja ilimfanya Uweso akohoe. Idarusi hakuingia ndani hata kuchungulia, alizunguka nje akitazama upana wa kiwanja.

"Nitabomoa nijenge ya mawe," alisema. "Lakini nataka nyumba tupu, bibi. Mimi sigombani na wapangaji. Siku ukiniambia ni tupu, siku hiyo nakuletea fedha."

"Hata arubuni ya kufungia bei?" aliuliza Bi Mboni.

"Tupu kwanza."

Wapangaji wakaambiwa watoke. Wengine walinung'unika wakaenda zao. Walibaki Luka na mkewe Ruthi, Washambaa wa Mlalo, Walutheri. Luka alikuwa kuli bandarini, akipakia marobota ya mkonge, na Ruthi alikuwa na mimba kubwa. Katika wapangaji wote, hao ndio Bi Mboni aliowapenda. Alipokuwa edani, hatoki nje, Ruthi ndiye aliyemchotea maji bombani asubuhi na jioni bila kuombwa.

"Mama," Luka alimwambia, amevua kofia, "nimezunguka Ngamiani yote nikafika mpaka Chumbageni. Vyumba hakuna, na vilivyopo kodi imepanda mara mbili. Tuvumilie mke wangu ajifungue."

Bi Mboni akavumilia. Ruthi akazaa mtoto wa kike, wakamwita Dorkasi. Siku walipomtoa nje mtoto, Ruthi alimleta chumba cha mbele. Bi Mboni akampakata, akamwombea dua, akamsifu nywele. Na huku anamsifu, moyoni anajiambia: haya, sasa amekwisha kuzaa, waondoke.

Hawakuondoka. Uweso akaja mbio siku moja, hata kuketi hakuketi. Idarusi, alisema, ameonyeshwa nyumba nyingine, barabara inayofuata, na hiyo ni tupu.

Bi Mboni alijitanda kanga akaenda moja kwa moja kwa Safari, fundi Mdigo, yule yule aliyemwezekea nyumba. Asubuhi yake, Luka akiwa kazini, Safari akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa chumba cha Ruthi. Akapanda, kisha akashuka.

"Bibi, humo ndani mna mzazi na mtoto mchanga."

"Nyumba ya nani?"

"Yako, bibi."

"Basi panda."

Makuti yakaanza kushuka, na pamoja nayo vumbi, masizi, panya na mende. Ruthi alikuwa kitandani. Alimfunika mtoto kwa kanga mbili akainama juu yake, na takataka zikamwangukia yeye mgongoni. Jua likaingia chumbani, pale ambapo halijapata kuingia tangu nyumba ijengwe.

Safari akasema kutoka juu, "Upande wa kitanda nitauacha, bibi."

"Ezua wote. Nimekulipa chumba kizima."

Luka aliporudi alisimama mlangoni akitazama mbingu palipokuwa na paa la chumba chake. Alirudi bandarini kuomba turubai kuukuu, akalifunga juu ya kitanda. Bi Mboni alimsikia akigongomea misumari, akajipa moyo: siku mbili tatu watachoka.

Mvua za vuli zikawahi mwaka ule. Turubai likashika maji katikati kama karai, likapasuka. Mtoto akaanza kukohoa. Walimpeleka hospitali, wakarudi naye, wakampeleka tena. Mara ya pili walirudi mikono mitupu.

Baada ya maziko walikuja kuchukua vyombo vyao. Bi Mboni alitoka ukumbini.

"Poleni, wanangu. Kazi ya Mungu."

Luka alipita na miguu ya kitanda begani kama hakusikia. Ruthi alisimama.

"Ahsante, mama. Kodi ya mwezi huu tulikwisha kulipa. Siku zilizobaki tumekusamehe."

Alisema kwa adabu, kama zamani alivyokuwa akisema maji haya hapa. Bi Mboni alirudi chumbani akaketi. Kisha akanyanyuka, maana nyumba sasa ilikuwa tupu, akamtuma mtu kwa Uweso.

Idarusi alimwambia Uweso aje baada ya mwezi, malori yako matengenezoni. Baada ya mwezi akasema wangoje mwaka uishe. Mwaka ukaisha, na bei ya mkonge ikaanza kuanguka, haikusimama. Malori mawili ya Idarusi yakalala uani kwake, majani yakiota chini yake. Bi Mboni akaenda mwenyewe.

"Bibi, mimi nilikupa arubuni?" aliuliza Idarusi.

"Hukunipa."

"Basi hatudaiani."

Uweso alimshauri apangishe tena. Lakini kodi za vyumba vitano hazikuingia miezi yote ile, na makuti ya kuezeka hakuwa nayo. Makuli walipunguzwa bandarini, wengi wakarudi kwao, na vyumba vikawa vingi kuliko watu. Tena mtaani habari zilikuwa zimeenea. Waliokuja kutazama walionyeshwa vyumba vizuri upande wa pili, nao wakauliza kile kisicho na paa ni kipi, wakaaga.

Masika yakaingia kupitia tundu lile. Maji yakateremka ukutani, udongo ukamomonyoka, fito zikabaki wazi. Alfajiri moja ukuta wa upande ule ukalala chini wote, ukivuta na paa la ukumbi.

Idarusi akarudi akiwa amevaa viatu vya mpira. Alizunguka nje vile vile kama mara ya kwanza.

"Naweza kununua kiwanja," alisema. "Nyumba siioni."

Bi Mboni akauza. Fedha alizopata hazikutosha minazi wala Maka. Akapanda basi kwenda Pangani kwa Sabiha, mtoto wa marehemu dada yake, akapewa chumba kizuri chenye dirisha la kutazama barabara. Sabiha alimpokea vizuri, na fedha zile zikaliwa polepole humo humo nyumbani.

Zilipokwisha, Sabiha alimjia jioni moja na bakuli la uji, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama mdogo, wewe ndiye mjuzi wa mambo ya nyumba. Kuna mwalimu mgeni anatafuta chumba. Kama hiki, chenye dirisha, ungekipangisha kwa kiasi gani?"

Bi Mboni alitazama kuta, akatazama dari, akatazama sakafu. Akataja kodi ya haki, wala hakuipunguza.

Ilipoandama mwezi, mwalimu akahamia. Bi Mboni akatandikiwa mkeka ukumbini, kando ya mtungi wa maji.