Herufi Tatu za Makorongoni

Aliyeyafuta makaburi yale kwenye ramani ni mimi, na sitafuti wa kumsingizia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwanafunzi, na jioni nafanya kibarua kwa wapima ardhi hapa Dallas. Nilipewa ramani za zamani za makorongo ya upande wa Grand Prairie, ninakili upya kabla matingatinga hayajaingia kujenga mitaa. Mistari ya kontua ilibanana pale mpaka macho yakauma. Lakini si nilipata A ya jiografia kule Kenya? Nani angeniambia kitu!

Ukingoni mwa korongo moja palikuwa na kiboksi kimeandikwa "Cem". Nikasema hiki ni kiwanda cha simiti, basi. Malori ya simiti nilipishana nayo kila siku barabarani. Na kwetu mtu huzikwa shambani kwake, makaburi ya kuandikwa kwenye ramani niyajulie wapi? Kiwanda chenyewe kilishakufa zamani, nikajiambia, nikakiacha nje ya ramani mpya. Kuuliza niliona haya, wasije wakaniita mshamba. Kiburi tu, hamna kingine.

Miaka ikapita, mtaa ukajengwa, na mimi na mke wangu tukanunua nyumba palepale. Jumamosi moja nakata nyasi, akaja bibi mmoja Mzungu, mkono mmoja maua, mwingine ramani ileile ya zamani, imechanika kwenye mikunjo. Akaniuliza kama najua kusoma ramani, maana macho yake yamechoka na anamtafuta mama yake. Kidole amekiweka juu ya "Cem".

"Makaburi yetu yalikuwa hapa," akasema. "Sasa ni wapi?"

Jamani, kumbe "Cem" ilikuwa "cemetery", makaburi, si simiti! Papo hapo nikajua nilichofanya, na mahali penyewe nikapajua: chini ya lami, mbele ya nyumba ya jirani yangu. Ningemshika mkono, hatua ishirini tu, tungefika.

"Samahani, mama," nikamjibu. "Mimi ramani sizijui."

Akanishukuru, eti! Akauzunguka mtaa mzima kwa miguu peke yake, akapita juu ya mama yake bila kujua. Kisha akarudi mlangoni kwangu, akanipa yale maua niyatie maji yasinyauke bure.

Mke wangu aliyaweka mezani. Wiki nzima nilikula nimeyapa mgongo.