Boriti iliyokosa ngata

Leo Kariakoo nimefundishwa kazi yangu na mbeba mizigo, na mpaka sasa natabasamu.

Mimi ni injinia. Nusu saa nzima nilikuwa namweleza Bi Zuhura, mwenye duka la vitenge, kwamba boriti za chuma za stoo yake ya juu zisilazwe hivi hivi kwenye tofali. Uzito wote wa marobota ya vitenge unaishia kwenye zile ncha. Tuweke bamba la chuma chini ya kila ncha, uzito utawanyike, la sivyo tofali litapasuka.

Nikachora mpaka mishale.

"Mwanangu, ukuta wangu mgumu. Hizo mbwembwe za chuo."

Mzee Shomari, mbeba mizigo wake, akashusha robota mlangoni, akachungulia mchoro wangu. Akavua ngata yake, kile kitambaa cha kuviringa anachobebea kichwani, akaiweka juu ya tofali, pale boriti itakapolala.

"Bi Zuhura, bila hii utosi wangu ungeshatoboka. Na hiki chuma nacho kipe ya kwake."



Bi Zuhura akamgeukia fundi wake wa ujenzi: "Mabamba mangapi?"

Miaka minne ya chuo, jamani. Nani mwingine yamemkuta kazini?

Nimemwomba Mzee Shomari ile ngata nikaitundike ofisini. Kakataa, kuna robota jingine linamsubiri.