Mashine ya Taalai

Uulkan alikuwa fundi wa mazulia ya sufu, na mji mzima wa Naryn ulijua kwamba haambiliki. Mwanawe wa pekee, Taalai, alipokwenda Urusi kutafuta kibarua, alimwachia kompyuta na onyo moja: "Usiizime, mama. Oda za mazulia zitaingia zenyewe." Uulkan akaifunika kitambaa, akaiacha iwake.

Taalai alikuwa akipiga simu kwa jirani, Kubat fundi redio, naye Kubat akigonga ukuta kumwita mama. Theluji ilipoanza kuyeyuka, ukuta ukanyamaza. Haukupita muda, kompyuta ikaanza kulia.

Ililia mchana, Uulkan akiwa uani. Simu ya mezani iliita mara moja tu, kisha ndani ya sanduku la kompyuta ukatoka mlio wa kukwaruza, kama mtu anayeita huku koo limemkauka. Alipofika mbio, kimya. Aliogopa sana, wala hakumwambia mtu. Alhamisi iliyofuata, siku ya kuwakumbuka marehemu, alibandika mafuta akakaanga boorsok, yale maandazi madogo ambayo harufu yake huwafikia wafu.

Majirani wakanusa wakaelewa.

"Shangazi, unamkaangia aliye hai?" mmoja alimuuliza mlangoni. "Unamchuria mtoto."

"Nakaanga maandazi tu. Mwenye njaa aingie, mwenye maneno apite."

Lakini moyoni alijichukia. Mama gani anamtangulizia mwanawe kifo? Hata hivyo kila mlio ulipokuja, mikono yake iliufuata unga.

Mwishowe alimwita Kubat, akamsimulia ule mlio. Kubat alifungua sanduku, akachomoa kadi ya kijani yenye tundu la waya wa simu, akacheka mpaka akakohoa.

"Mzimu wako huu hapa, mama. Modemu. Taalai aliitega ipokee faksi. Simu ikiita tu inakuwahi, inampigia makelele aliyepiga."

"Kwa hiyo kuna mtu anapiga."

"Yupo. Ila siyo Taalai, yeye anaijua mashine yake, ndiyo maana alikuwa anapiga kwangu." Kubat aliacha kucheka. "Labda wateja wako."

Alirudisha waya kwenye simu, akaondoka bila kunywa chai. Uulkan akaketi kando ya simu na kumwomba Mungu huyo anayepiga awe mnunuzi, au hata tapeli.

Alhamisi, mafuta yakiwa motoni, simu iliita. Akainyanyua. Upande wa pili mwanamume alishusha pumzi.

"Afadhali, leo ni mtu. Mama, mimi nilikuwa nakaa chumba kimoja na Taalai. Nakupigia tangu baridi ilipokatika, kila mara nasikia makelele tu. Sijui nianzie wapi."

"Usianze, mwanangu," Uulkan alisema. "Taalai mwenyewe ameshaniambia. Wewe niambie tu mmemzika wapi."