Tembe za Kiungulia na Tembe za Damu

Hata leo nikiikumbuka ile chai ya saa nne shambani, mwanangu, nacheka peke yangu. Nilikuwa mke mgeni hapa Kebirigo, na mimba ya kwanza ya miezi mitano, kikapu cha majani chai mgongoni na kiungulia kinanichoma hadi kooni. Dukani nikanunua zile tembe nyeupe za kutafuna, tamu kama peremende. Nami nikazila kama peremende.

Kliniki nayo ilikuwa imenipa tembe za kuongeza damu. Nikajiona mjanja: saa nne, wachumaji wakiketi kunywa chai ya maziwa, nilitafuna za kiungulia, nikatupia za damu juu yake, nikazisukuma zote na chai.

Damu haikupanda. Mwezi wa kwanza, wa pili, muuguzi akanikunjia uso. "Mama, ikibaki hivi hutazalia hapa kliniki, tutakupeleka hospitali kubwa. Ukitokwa na damu nyingi tunaweza kukupoteza." Niliogopa sana. Mama mkwe akadhani sili, akanipikia chinsaga, ile mboga yetu chungu, sufuria baada ya sufuria. "Kula wewe! Kwani unamwekea nani?"

Mwishowe muuguzi akauliza ninazimezaje. Nikamweleza kwa fahari. Alicheka hadi akashika meza.

"Mama, hizo za kiungulia ni kalsiamu. Zinazuia za damu zisiingie mwilini, na chai pia inazuia! Za damu meza na maji matupu. Za kiungulia zikae mbali nazo, zipishane kwa muda wa saa mbili au zaidi."

Nikatii. Damu ikapanda, nikazalia pale pale kliniki, na mtoto akalia hadi majirani wa kliniki wakasikia. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Furaha ile sijaimaliza bado.

Mtoto huyo ni wewe. Na leo una mimba yako, na pakiti ile ile mkononi! Sikunyang'anyi, kiungulia ni adha, na tembe hizo hutuliza. Ila usipite kipimo kilichoandikwa, maana zikizidi hufunga choo, na zinaweza kuleta mawe kwenye figo. Mwonyeshe muuguzi kila unachomeza, hata cha dukani, na kiungulia kisipoisha rudi kwake. Na chai yako ya saa nne, mama, inywe peke yake.

Mungu akujalie damu tele na uchungu mfupi. Vigelegele niachie mimi.