Siku ya Kujua Boma

Watu wa Chaka walimsifu Murugi mpaka akachoka kusifiwa. Ati mjane mwenye akili! Wenzake waliuza shamba kipande kwa kipande kutafuta karo. Yeye aliingia kwa nyumba yake, akatoa kitanda kimoja, sufuria nne na picha ya marehemu mumewe, akahamia jiko la mbao lililo nyuma, halafu akaipangisha nyumba yenyewe. Nyumba ya mawe, vyumba vitatu, madirisha yanaangalia mlima. "Mama Nyawira ameona mbali," walisema sokoni huku wakimfungia viazi.

Na tuseme haki, faida ilikuwepo. Nyawira, binti yake wa pekee, alisomea uuguzi Nyeri mjini mpaka akamaliza, bila kurudishwa nyumbani hata siku moja. Mpangaji, Garad, mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka Nanyuki, hakungoja kukumbushwa kodi. Bomba likipasuka alilitengeneza mwenyewe. Mkewe, Marwo, alikuwa mtu wa watu. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, sahani ya sambusa ilivuka uwanja na kufika jikoni kwa Murugi ikiwa bado moto. Afadhali wangekuwa wakorofi! Mpangaji mkorofi unamgombeza, unamsema kwa majirani, unalala ukiwa umepumua. Murugi hakuwa na mtu wa kugombeza.

Hasara ilikuja polepole, tena kwa adabu. Sebule ile, Wamae mumewe aliipaka rangi ya maziwa kwa mkono wake, wiki mbili nzima, amesimama juu ya ndoo. Mwaka wa kwanza Marwo aliuliza, "Mama, naweza kupaka kijani?" Murugi akasema sawa. Akaulizwa kama ua la waridi mlangoni linaweza kung'olewa, maana linachoma watoto. Akasema sawa. Mwaka wa pili akihitaji kitu ndani, alipiga hodi na kusimama kwa ngazi mpaka aambiwe karibu. Mwaka wa tatu aliacha kuhitaji vitu. Hakuwa na hasira, wala hakuwa na huzuni. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Hapo ndipo Nyawira alipoleta habari ya Peterson. Kijana wa Gakindu, mpole, kwao wanalima kahawa. Watu wake walitaka kuja kujua boma, yaani ile ziara ya kwanza kabisa, kabla mahari haijatajwa, ambapo upande wa mvulana unakuja na mikate na soda kuona msichana anatoka kwa nani na wapi.

"Mum, tufanye kwa hoteli," Nyawira alisema. "Siku hizi watu wanafanya."

Ngatia, ndugu ya Wamae, alikaribia kumwaga chai. "Kwa hoteli? Watu wamekuja kujua boma, unawaonyesha weita? Na jikoni pia hapana. Msichana wa Wamae atatolewa kwa nyumba ya Wamae."

"Nyumba iko na watu," Murugi alisema.

"Si ni nyumba yako? Waombe siku moja. Na hiyo maneno ya kulala jikoni isitoke hapa. Watasema tulimtupa mjane wa ndugu yetu."

Hapo sasa. Aibu haikuwa ya Murugi peke yake. Ilikuwa ya ukoo, na ndoa ya binti yake ilikuwa imekaa juu yake. Akavuka uwanja, akapiga hodi, akaomba nyumba yake.

Marwo alimshika mikono miwili. "Mama! Ungeniambia hata jana. Sisi tutaenda Nanyuki kwa dada yangu, watoto, Guled na Bilan, watacheza na wenzao. Kaa mpaka jioni." Akafua mapazia. Akashusha saa yenye maandishi ya Kiarabu ukutani. Jumamosi asubuhi akaweka ufunguo kwenye kiganja cha Murugi, akaondoka na familia yake. Huyo ndiye mtu ambaye ungetaka kumchukia, na huwezi.

Murugi aliingia na picha ya Wamae. Msumari wake haukuwepo. Tundu lake lilikuwa limezibwa na rangi ya kijani. Akaiegemeza picha kwa kabati, Wamae akawa anatazama miguu ya viti. Alipotaka kuwasha taa, mkono wake ulienda pale swichi ilipokuwa tangu nyumba ijengwe, ukagusa ukuta mtupu. Swichi ilikuwa imehamishwa upande wa pili wa mlango. Nyawira ndiye aliyeiona.

Wageni wakafika, wazee wanne na akina mama watano, mikate kwa vikapu. Kiongozi wa akina mama alikuwa nyanya yake Peterson, Beth, mwanamke mfupi mwenye macho ambayo hayana haraka. Mukimo wa viazi na mahindi ukaandaliwa. Mgeni mmoja akaomba chumvi. Murugi akafungua kabati la kwanza: vikombe. La pili: mchele. La tatu: vitabu vya watoto.

"Ngai! Mama hata chumvi hajui mahali iko?" mgeni akatania.

"Ni furaha imemchanganya," Ngatia akajibu haraka, na watu wakacheka. Murugi naye alicheka. Uso ulicheka, yeye akabaki palepale.

Baadaye Beth akalalamika joto, akaomba mahali pa kuweka koti lake. Murugi akampeleka chumba kikubwa cha kulala, kile alicholala na Wamae miaka kumi na minane. Akafika mlangoni, akagonga mara mbili, akasema kwa sauti ya chini, "Hodi." Akangoja.

Hakukuwa na mtu ndani, na Beth alijua hakukuwa na mtu. Alimwangalia Murugi, akaangalia mlango, akalitupa koti begani. "Wacha nikae nalo," alisema.

Sebuleni Ngatia alikuwa amesimama. "Hii nyumba ndugu yangu aliijenga jiwe kwa jiwe," alisema. "Na mke wake yuko ndani yake mpaka leo." Wazee wakapiga makofi. Murugi aliangalia mikono yake. Alijaribu kuona haya, haya haikuja.

Wazee walipoanza kuulizana koo na mashamba, Beth akainuka. "Mimi ni mwanamke wa kuni, hizi viti zinanipatia usingizi. Mama Nyawira, nipeleke nikaote moto." Ngatia alikohoa, akakodoa macho, lakini utamkatalia vipi nyanya wa watu jikoni? Murugi akaenda mbele, akafungua.

Kitanda kilikuwa pale, kimetandikwa. Nguo zimetundikwa kwa kamba. Beth akavuta kigoda, akasogeza kuni kwa ncha ya kiatu.

"Unalala hapa."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu. Ilikuwa karo."

Murugi alisubiri maneno yaangushe ndoa ya mtoto wake. Alisubiri hivyo hivyo, mikono magotini, moyo haupigi mbio. Utulivu huo ndio uliomtisha.

Beth aliomba chai. Chumvi ilikuwa kwenye mkebe juu ya meko, sukari chini yake, na Murugi alizifikia zote bila kuangalia. Wakanywa. Beth alipomaliza akafuta kikombe kwa kiganja, akakirudisha mwenyewe kwa rafu.

"Sasa nimejua boma," alisema. "Ile ingine ni nyumba tu. Wazee wetu wataambiwa kila kitu kiko sawa, na kiko sawa. Hata mimi naweza kujivunia mama kama wewe." Halafu akaongeza, taratibu, "Lakini karo si iliisha? Kwa nini hujarudi?"

Murugi aliongeza kuni. Alikuwa na majibu ya kila mtu wa Chaka, ila swali hili hakuwahi kuulizwa. "Sijui," alisema, na ulikuwa ukweli mtupu.

Wageni waliondoka wakiimba mpaka barabarani, siku ya mahari ikiwa imepangwa. Ngatia alijipongeza njia nzima. Murugi na Nyawira wakafagia, wakapangusa, wakarudisha saa ya Marwo ukutani. Murugi akachukua picha ya Wamae, akafunga mlango, akakaa kwa ngazi na ufunguo mkononi. Ulikuwa ufunguo wake. Mkataba wa upangaji ulikuwa unaisha mwezi huo. Alihitaji kusema sentensi moja tu.

Gari la Garad liliingia jua likizama nyuma ya milima ya Aberdare. Watoto wakashuka wakikimbia. Marwo akaja na mkate wa sinia alioubeba kutoka Nanyuki, mikono yote miwili.

"Mama, wamekubali?"

"Wamekubali."

"Alhamdulillahi! Nyumba ilitosha?"

Murugi alitafuta ile sentensi. Aliitafuta kila mahali, kama chumvi. Akanyoosha mkono, akampa ufunguo.

"Ilitosha," alisema.

Marwo akamkumbatia kwa furaha ya kweli, akafungua mlango, taa ikawaka mara moja. "Usikae mbali sana, mama," aliita kutoka ndani. "Karibu tena, siku yoyote."

"Asante," Murugi akajibu, akiwa bado kwa ngazi, kama mgeni aliyelelewa vizuri.